Farasi wa Ukutani

Wanaonijua wanajua kwamba sina mazoea ya kujishusha. Nilifika Dubai na begi moja na cheti cha darasa la saba. Leo vijana wangu wananing'inia kwa kamba kwenye minara ya Jumeirah Lake Towers wakisafisha vioo, na kuna hoteli mbili Al Barsha ambazo zikitaka kung'aa lazima zinipigie simu. Sikurithi kitu, wala sikushikwa mkono na mjomba. Lakini yupo mtu mmoja ambaye nikimtaja sauti yangu inashuka yenyewe. Ni mzee wa Kizanzibari wa Al Garhoud, amekaribia tisini, na pamoja na ukubwa wangu wote huu bado ananiita askari.

Ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Nilisimama kwenye lango la nyumba yao miaka minne. Siku moja alinikuta naukodolea macho ubao wake wa sataranji barazani, sisi wa bara tunasema chesi, akaniuliza kama najua kucheza. Nikamwambia najua sana. Sikujua hata farasi anarukaje. Alinigundua kwenye mwendo wa pili, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akanifundisha.

Kusoma kwangu kwa kweli kulianzia pale. Kila mraba wa ubao una herufi yake na namba yake, na mchezo mzima unaandikwa kwa hizo. Mimi niliyekuwa naogopa gazeti nikawa nasoma michezo ya watu waliocheza kabla sijazaliwa, kama nasoma barua zao. Baadaye nilipoletewa mkataba wangu wa kwanza wa usafi niliusoma hivyohivyo, mstari kwa mstari, nikijiuliza huyu bwana kwa mwendo huu anataka nini. Wenye digrii walikuwa wanasaini bila kusoma. Mimi sikuliwa.

Jambo moja tu tulikuwa hatuelewani: sare, yaani mchezo kuisha bila mshindi. Mimi sare naiona ya waoga. Mzee alikuwa akinijibu kwamba nayasema hayo kwa sababu sijawahi kuipata kwake, na hapo alikuwa na haki, kwa maana alinifunga kila siku.

Kitabu tulichokuwa tunasomea kilikuwa cha mashindano ya timu za mataifa, yaliyofanyika kwenye mji mmoja wa bandari huko Ulaya katika miaka ya hamsini. Mzee alikuwa mwanafunzi kule. Kila nchi ilileta watu wanne mezani, wakacheza na wanne wa nchi nyingine, alama zikajumlishwa. Watazamaji hawakuruhusiwa kusogea mezani, kwa hiyo ukutani kulitundikwa mbao kubwa, na wanafunzi wakaajiriwa kusimama chini yake na fimbo ndefu zenye ndoano. Ukiletewa karatasi yenye mwendo, unaihamisha kete ukutani ili ukumbi uone. Mzee alikuwa mmoja wao. Kitabu alitumiwa kwa posta miezi kadhaa baadaye, na barua ya shukrani ndani.

Kurasa za siku moja alizibana kwa pini. Niliziona tangu uaskari wangu, pini zimeota kutu na kutu imechora karatasi. Niliuliza mara moja tu. Alisema hizo hatuzisomi.

Mwaka huu mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili, na madaktari wamesema kwa umri wake hawagusi. Mimi huenda kila Ijumaa baada ya swala yao ya mchana. Ijumaa moja nilimkuta kitabu kiko mapajani, bintiye ametuwekea kahawa na halua na kuondoka. Akaniambia ng'oa zile pini.

Ndipo akanieleza. Siku ile alikuwa chini ya ubao wa mtu wa nne wa nchi ndogo iliyokutana na nchi kubwa. Akaletewa mwendo wa farasi wa mpinzani, akamtundika mraba mmoja pembeni. Kwa kosa hilo ikaonekana ukutani kwamba malkia wa yule bwana wa nchi ndogo analiwa bure. Ukumbi mzima ukaguna. Yule bwana akashtuka mezani kwake, akatafuta hatari ambayo haikuwepo, kisha akamwondoa malkia wake haraka haraka. Mzee akaona kosa lake ukutani. Aliiweka fimbo chini, akatoka kwa mlango wa nyuma na hakurudi tena. Hakujua mchezo uliishaje.

"Nilikuwa na macho miaka karibu sabini nisiusome," alisema. "Sasa nataka kujua kama nilimponza mtu, na macho yamekataa. Nisomee, askari."

Nikapanga ubao kwa ajili yangu mwenyewe, kwa sababu yeye ubao uko kichwani. Nikasoma mwendo mmoja mmoja, ndege za uwanja wa ndege wa jirani zikipita juu tukinyamaza mpaka zipite. Tulipofika kwa farasi, alikaa wima. Nikatazama mstari unaofuata. Malkia aliondoka kweli, na baada yake kete ndogo iliyokuwa ikilindwa na malkia huyo ikaliwa.

Mimi ni mtu wa maneno, nimeuza kazi kwa matajiri wasioniamini. Nikajiambia mzee huyu haoni, nitampa raha yake. Nikamtajia mwendo mwingine wa malkia, mdogo, usio na madhara. Kisha nikasoma ile kete ikiliwa.

Alinyoosha mkono kuninyamazisha.

"Kwa mwendo uliosoma, malkia bado anailinda kete hiyo. Mtu wa kiwango kile hawezi kuila hivyo. Rudi nyuma. Usome ulivyoandikwa."

Nimegombana na wakaguzi na wanasheria, sijawahi kurudi nyuma. Siku ile nilirudi. Nikausoma ulivyoandikwa.

"Basi nilimponza," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Nikamwambia khalas, yatosha, Mzee, tukifunge, ni mambo ya kale.

"Nimekifunga miaka yote hii. Endelea."

Nikaendelea, safari hii bila kuruka hata herufi. Na nikaanza kuona. Yule bwana hakukata tamaa. Alirudi nyuma na kujipanga. Akamsogeza mfalme wake taratibu, akakaba huku na kule, na kwenye mwendo wa arobaini na moja akaila kete moja ya mtu wa nchi kubwa, wakawa sawa. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza kutamka, anajua kinachokuja. Mwendo wa sitini na tatu nikafika mwisho wa mstari.

"Nani?" aliuliza.

"Nusu kwa nusu, Mzee. Sare."

Alinitaka nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu akataka nisome alama za timu nzima chini ya ukurasa. Mbili kwa mbili. Nchi ile ndogo ilikuwa imetoka sawa na nchi kubwa, na ile nusu ya yule bwana ndiyo iliyowafikisha hapo.

Mzee alifuta macho kwa upindo wa shuka la mapajani. Kisha akasema, "Sare ya waoga hiyo, askari?"

Nikamwambia nimeyafuta maneno yangu. Ni mara ya kwanza kumwambia mtu hivyo katika mji huu.

Akaniamuru nichukue penseli niandike pembeni, kwenye mwendo wa farasi, kwa kuwa yeye haoni tena mstari: *Ukutani nilimkosea. Aniwie radhi.* Niliandika kwa mwandiko wangu, mwandiko ambao yeye ndiye aliyenipa. Chini yake, kwenye mwendo wa malkia, nikatia alama ndogo ya msalaba pale nilipomdanganya.

"Umeandika nini kingine?" aliuliza. Alikuwa ameisikia penseli.

Nikamwambia. Akausogeza ubao upande wangu.

"Pini zitupe," akasema. "Haya, panga kete. Na leo ukinidanganya tena, utarudi langoni."

Nilipanga. Alinifunga kwa miendo ishirini na nane.