Sahihi ya Kidole Gumba

Mwezi uliopita nilirudi kwetu Rodi Kopany kumzika mwalimu wangu wa darasa la sita. Usinipe pole, rafiki yangu. Nilikwenda kuhakikisha.

Tukiwa sebuleni kwake tunangoja jeneza litolewe, niliinua macho ukutani nikaona barua zangu. Zimetiwa fremu, na waombolezaji wanazitazama kwa heshima. Zilikuwa na sahihi za watunzi wakubwa wa nyimbo wa miaka ya sitini, zile zenye mikia mirefu ya kujishaua. Juu, palipokuwa na jina langu, palikuwa pamekatwa kwa wembe.

Enzi hizo nilikuwa msichana mdogo mwenye wazimu mmoja tu. Anwani za watunzi ziliandikwa kwenye majalada ya santuri, na gramafoni ya dukani kwa jirani yetu ililia kutwa. Nilinakili anwani, nikakaanga njugu za nyanya yangu, mama yake baba aliyenilea, na kuziuza sokoni, faida ikaishia kwenye stempu. Wengi walinipuuza. Waliojibu niliwaficha katika mkebe wa biskuti nyuma ya gunia la mtama, na barua zote zikanukia mtama.

Nyanya alikuwa Msabato asiye na mzaha. Ijumaa jua likianza kushuka, nyumba iwe imefagiwa, kuni zimepasuliwa, na nyimbo za dunia zisisikike. Lakini siku moja, akianika omena, wale dagaa wa ziwani, aliniambia bila kunitazama nimwandikie mzee mmoja wa upande wa Migori aliyepiga nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi. Mzee huyo ndiye aliyemwimbia babu siku ya mazishi. Wimbo wenyewe haukuwahi kurekodiwa, na nyanya siku ile alikuwa analia mno hata hakuyashika maneno.

Jibu likaja. Mzee hakujua kuandika, kwa hiyo karani mmoja alimwandikia wimbo wote, na mwishoni, mahali pa sahihi, kulikuwa na alama ya kidole gumba kwa wino wa buluu. Jumamosi tulipotoka kanisani nyanya alifunga mlango. Nikamkumbusha habari ya nyimbo za dunia.

“Hii si ya dunia,” akasema. “Hii ni ya bwana yangu. Soma pole pole, nyathina, mwanangu.”

Ikawa desturi yetu ya Jumamosi. Ubeti wa tatu ulikuwa na jina la nyanya mwenyewe, na nikiufikia tu alijifunika uso kwa leso, nami naacha kusoma. Ndiyo maana beti mbili za kwanza zilinikaa kichwani, huo wa tatu haukukaa.

Kisha nikabeba mkebe shuleni kuringa. Mwalimu alinichapa mbele ya darasa, akaiinua juu ile barua yenye kidole wote waione.

“Huyu hata jina lake hawezi kuandika, na nyinyi mnamwita mtu mkubwa?”

Akachukua mkebe. Ati ningerudishiwa muhula ukiisha. Muhula uliisha, mwaka ukaisha, nyanya akaenda mwenyewe kumsihi, na kuku mkononi. Mwalimu akasema hajui mkebe wowote. Kuku alimchukua.

Kila Jumamosi nyanya aliendelea kuniambia nisome. Nilisema beti mbili, nikakomea hapo. Alikufa akingoja ule wa tatu.

Basi siku ya mazishi nikamwuliza mjane kuhusu zile fremu.

“Mwalimu alikuwa anapendwa sana na waimbaji, mama,” akajibu. “Hizi zote walikuwa wanamwandikia yeye.”

“Na ile yenye kidole?”

“Ah, hiyo alikuwa anaichekanga sana! Aliwashia jiko.”

Kaburini nilitupa udongo kama wengine, konzi iliyojaa. Duka la gramafoni sasa linauza simu, na mpiga nyatiti alishakuwa mifupa. Hayo nayasamehe, wakati haujawahi kuwa na adabu. Mwalimu simsamehi. Nikiuanza wimbo wa babu, naimba ubeti wa kwanza, naimba wa pili, kisha nasimama. Wa tatu, wenye jina la nyanya, ulimchemshia mwalimu chai.