Bastola Yangu na Tangawizi ya Mama Mchungaji

Wajukuu wamenisihi ninyamaze, lakini bora mnisikie mwenyewe kabla Hedaru nzima haijaongeza chumvi.

Nina bastola ya kibali, ya kulinda duka langu. Juzi aliyeniuzia akapiga simu: bastola za aina ile zina kasoro, zikianguka zinaweza kufyatuka zenyewe. Nitoe risasi, niipeleke polisi Same, irudishwe kiwandani. Risasi nikatoa. Ili abiria wa basi wasiitambue, nikaifunga kitenge, sawasawa na nilivyofunga tangawizi ya Mama Mchungaji. Yeye alikuwa amesema sauti yangu inaiharibu kwaya, nami nilitaka tupatane. Nikajiona mjanja kuliko wezi wote.

Asubuhi nikamwachia Mama Mchungaji zawadi yake mlangoni, nikapanda basi.

Kituo cha polisi nikafoka. "Rudini nyuma! Kitu hiki kikianguka kinaua!"

Askari wakajibana ukutani. Nikafungua kitenge polepole, jicho moja nimelifumba.

Tangawizi.

"Shikamoo bibi," afande mmoja akasema. "Hii nayo ina kasoro?"

Kabla sijaitikia, simu yangu ikalia. Simu yenyewe ni ya wazee, mtu akiongea anasikika mpaka barabarani. Alikuwa Mama Mchungaji, analia.

"Mama, nimeupata ujumbe wako! Nisamehe! Imba, mama. Imba hata peke yako, Jumapili zote!"

Askari wote wakanigeukia.