Tembo Asilolinywa Mahadhi

Bi Hindu alikuwa na tabia moja ambayo hakupata kumwambia mtu. Kila Jumatano mumewe Mahadhi aliporudi kutoka Ganda na baiskeli yake, gunia la mbata, nazi kavu, nyuma, akishajinyoosha jamvini na kufumba macho, yeye humwinamia akamnusa mdomo. Miaka ishirini. Hakunusa tembo hata siku moja, ila nazi na jasho. Lakini hakuacha, kwa sababu mbata zile Mahadhi alizinunua kwa Kenga, na Kenga alikuwa mgema wa tembo. Mwanamume akishinda kwa mgema, hata awe hakosi sala, mkewe atanusa tu.

Mwaka wa themanini na sita Mahadhi akageuka manjano macho. Kisha miguu ikafura, kisha tumbo likajaa maji. Watu wa Malindi hawakungoja daktari. Ini hilo, walisema, na ini haliharibiki bure. Kumbe safari za Ganda zilikuwa na mambo yake! Wazee wa msikitini waliozoea kuingia ndani na kukaa mpaka alasiri sasa walimjulia hali mlangoni, viatu miguuni. Bi Hindu aliwaitikia, akarudi kwenye shuka zake. Afue shuka, apike uji, uji urudi, afue shuka tena. Alichoka hadi akawa anasinzia akiwa amesimama. Na ndani ya uchovu huo lilimtafuna swali lile lile: je, mimi nilinusa vibaya?

Hospitali walitoa damu ya Mahadhi, kisha wakataka na ya mkewe na ya binti yao wa pekee, Zuleikha. Damu ilipelekwa Mombasa. Majibu yalichukua wiki tatu, na Bi Hindu akayafuata peke yake. Muuguzi Dorcas, mwanamke wa Jilore asiye na maneno mengi, alifunga mlango.

"Mama, mzee ana kansa ya ini. Imeletwa na virusi, vijidudu vinavyokaa kwenye damu. Huenda alivipata utotoni. Vimelila ini lake pole pole, naye hajui. Sasa tunahesabu miezi, mama, si miaka. Madaktari wanasema mitatu."

"Si tembo?"

"Si tembo. Maradhi hayo hata asiyewahi kuonja humpata."

Aibu kulisema, lakini Bi Hindu alifurahi. Mumewe anakufa, naye amefurahi! Alitaka kutoka mbio, apite mlango kwa mlango awaambie wote. Lakini Dorcas hakuufungua mlango.

"Damu yako wewe ni safi. Ya Zuleikha ina vile vile vya babake. Haumwi, na huenda asiumwe maisha yake yote. Ila awe anakuja tumtazame. Na wembe wake asiutumie mtu mwingine."

Wembe. Bi Hindu akakumbuka siku ya arubaini ya Zuleikha. Mahadhi hakutaka kinyozi. Alijinyoa yeye kwanza, kisha kwa wembe ule ule akamnyoa mwanawe nywele za uzazini. Kwa furaha alifanya haraka, akamkwaruza kichwani, damu ikatoka kidogo, na wote wakacheka.

Nyumbani alimweleza mumewe kila kitu isipokuwa wembe. Zuleikha alikuwa ameshaposwa na Zein, na nikahi ilikuwa baada ya Ramadhani.

"Zein aambiwe," Mahadhi akasema. "Ni haki yake. Yeye na Zuleikha wenyewe, basi."

"Na mji? Mimi naenda kuwaambia leo kwamba hukunywa!"

"Ukiwaambia ni damu, watauliza iko kwa nani tena. Waache na tembo lao, Hindu. Tembo halirithiwi."

Bi Hindu akalia. "Mimi nami nilikuwa nikikunusa."

"Najua. Nilikuwa macho."

Zein alipoambiwa, aliuliza jambo moja tu: kama Zuleikha ataumwa. Akaenda mwenyewe kwa Dorcas akaketi naye asubuhi nzima, akarudi akasema nikahi iko pale pale, na kwamba mamake hatajua.

Aliyemtesa Bi Hindu ni Kenga. Alikuja kutoka Ganda kwa miguu, amekasirika kwelikweli.

"Sokoni wasema mzee alikuwa akinywa kwangu! Miaka ishirini namkaribisha, naye anakunywa maji ya dafu! Ijumaa nitasimama nje ya msikiti niwaambie."

"Usiwaambie, Kenga."

"Nisiseme kweli?"

"Nakuomba, ndugu yangu. Na sababu usiniulize."

Kenga alimtazama kama anavyotazamwa mke aliyemuuza mumewe. Aliondoka, kahawa hakuigusa. Hakusema neno mahali popote, na nyumbani mle hakurudi tena.

Mahadhi aliishi miezi mitano badala ya mitatu. Alizikwa, watu walikuja, kwani maiti haisusiwi. Lakini hitima ya kumwombea ilikuwa ya watu wachache, na sinia mbili za wali zilibaki hazikuguswa. Bi Hindu aliugawa wali ule kwa majirani mwenyewe, nyumba kwa nyumba, wale wale waliomtangaza mumewe, nao wakaupokea.

Siku ya nikahi mama yake Zein alimvuta kando, akamshika mkono. Alikuwa mwanamke mwema, na hilo ndilo lililokuwa zito.

"Mwenzangu, watu wengi walinikataza. Wakaniambia, utachukuaje mtoto wa mlevi? Nikawajibu makosa ya baba si ya mwana. Mungu amsamehe marehemu tembo lake."

Ukweli ulimjaa Bi Hindu kinywani. Chumbani wanawake walikuwa wakipiga vigelegele, na katikati yao alimsikia Zuleikha akicheka.

"Amin," akasema. "Ahsante, dada yangu."