Sura Yangu Mgongoni mwa Shupaza

Nianze kwa kukiri kwamba aibu hii ni yangu peke yangu, ingawa kwa muda mfupi nilijaribu kumgawia mpiga chapa wa Kilifi fungu lake, nalo likanirudia.

Sisi ni klabu ndogo hapa Shella ya Malindi, tunacheza turufu kila Jumamosi baada ya alasiri, hakuna pesa, ni kahawa na kaimati za Bi Zuhura, dada wa mwenyekiti wetu Bwana Swaleh (ukumbi ni wake, kwa hivyo na neno la mwisho ni lake). Mwaka jana walitujia wageni wa klabu moja ya Kilifi, tukawafunga, nao wakaondoka wakinong'ona kwamba karata zetu kuukuu zimekunjwa pembe, eti tunazijua kwa mgongo. Jambo hilo lilimkaa rohoni Bwana Swaleh. Wageni walipotangaza kurudi, akaniita mimi katibu, akaniambia, "Fuadi, kachapishe karata mpya. Mgongoni jina la klabu, basi. Usizidishe."

Mimi nikazidisha. Niliona jina peke yake ni kavu, kwa nini tusitie na sura za sisi waasisi wanne, kila aina ya karata na mtu wake: kopa Bi Zuhura, uru Mzee Kahindi, pau Bwana Swaleh, na shupaza (kwa unyenyekevu mkubwa) mimi. Nikamtumia mpiga chapa picha, na maelezo nikamrekodia kwa sauti kwenye simu, nikajiona fundi.

Karata zikafika asubuhi ya mchezo zimefungwa kwa plastiki. Bwana Swaleh akakataza zisifunguliwe mpaka wageni waketi, kisha akasimama na kanzu yake iliyopigwa pasi, akasema, "Leo hapana wa kusema karata za Malindi zina alama," akaichana plastiki mbele ya macho ya wote.

Watu walicheka kuona sura zetu, wakapitishana, wakasifu (nami nikainamisha kichwa kama bwana harusi). Tukaketi wanne, mimi na Bwana Swaleh upande mmoja, na upande wa pili wageni, Bi Kadzo, muuguzi mstaafu wa hospitali ya Kilifi, na mwenzake Mwalimu Charo. Nikagawa karata bila kuzitazama, masikio yangu bado yako kwenye zile sifa. Nilipoinua macho nikajiona. Nilikuwa mkononi mwa Mwalimu, mara tano, nimejipanga mstari natabasamu, na pembeni yangu Bi Zuhura wawili, ndipo nikafahamu kwamba zile sura hazikuchapwa upande wa mbele kama nilivyodhani nimesema, zimechapwa mgongoni, na kwamba najua Mwalimu ana shupaza ngapi kabla hajacheza hata moja.

Ningesema pale pale, yangekwisha. Nikanyamaza, nikajiambia labda hakuna mwingine aliyeona. Lakini Bwana Swaleh alikuwa ameshazibandika karata zake kifuani, Bi Kadzo akaziingiza zake chini ya leso, Mwalimu akazishusha mapajani, na mimi nikavua kofia nikazitia ndani, tukaendelea hivyo, watu wazima wanne tunachungulia nguoni mwetu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kusema.

Aliyeanza ni Bi Zuhura, maskini, aliyekuja na sinia ya kahawa akainama kumwekea Mwalimu kikombe. "Mwalimu, mbona huna uru?" akauliza. "Mzee Kahindi simwoni hata mmoja."

Bi Kadzo akaweka karata zake mezani polepole. "Mwaka jana mlikunja pembe," akasema. "Mwaka huu mmeona mbandike picha kabisa."

Bwana Swaleh akanigeukia. "Fuadi, waeleze wageni."

Hapo nikafanya kosa lililolipita la kwanza. Nikasema aliyekosea ni mpiga chapa, na ushahidi ninao, nikaifungulia ile sauti kwenye simu, juu kabisa, kila mtu asikie. Nikasikika: "Sura ziwe mgongoni, ndugu yangu, mgongoni ndiko kwenye nafasi. Shupaza niweke mimi, nipendeze. Na pau mpe Bwana Swaleh, maana yeye hutupa pau ovyo kama maganda ya muhogo."

Bi Kadzo alicheka mpaka leso ikamtoka begani, na ukumbi ukamfuata, isipokuwa mtu mmoja.

"Kumbe natupa ovyo," alisema Bwana Swaleh.

"Si sana, Bwana," nikajibu.

Bi Kadzo akatoa karata zake mwenyewe mkobani, tukacheza upya, tukafungwa mchezo baada ya mchezo, na nathubutu kusema Bwana Swaleh alikuwa akitupa pau makusudi huku akinitazama usoni.

Ukatibu niliuacha mwenyewe kabla sijaachishwa, na nimeapa nikiambiwa jina, nitaandika jina. Zile karata wageni waliziomba ziwe ukumbusho, wakapewa. Juzi nilikwenda Kilifi kumtazama mgonjwa hospitalini, na dada mmoja wa mapokezi, ambaye sijapata kumwona maishani, akanikazia macho, akaniuliza kwa adabu kama si mimi shupaza.

Nikamwambia ndimi.