Waliompigia Makofi Anyamaze

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, asiyepaza sauti hasikiki. Mashine zilinguruma tangu asubuhi, mvuke umetanda, na mtu akitaka kupewa sabuni tu ilibidi apige ukelele kama anayeita mwizi. Kulikuwa na dobi mmoja aliyewashinda wote kwa kelele, wenzake wakamwita Honi. Sauti hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Mama mkwe wake alizoea kumwambia, "Mwanangu, mimi niko hapa ubavuni pako, siko ng'ambo ya mto." Honi alikuwa akicheka, kisha anajibu kwa sauti ileile.

Shoga yake pale kazini aliitwa Kicheko. Walikuwa chanda na pete. Huyo hakuweza kujizuia kucheka hata msibani. Alikuwa akikaa nyuma ya watu, uso kaufunika kwa mtandio, mabega yanamtikisika, na watu wanamhurumia wakidhani analia.

Kazi yao wawili ilikuwa kulisha rola, mashine yenye magogo mawili ya chuma cha moto, inayomeza shuka mbichi upande huu na kuitema upande wa pili imenyooka. Mbele yake palikuwa na kizuizi cha kukinga vidole. Kizuizi kikalegea, halafu kikang'oka kabisa. Honi akamwendea msimamizi wao.

"Bosi, kile kizuizi kimetoka. Ile mashine itamla mtu."

"Shuka haziwezi kungoja fundi," msimamizi akajibu bila kuinua macho. "Si mna macho? Angalieni mikono yenu."

Haukupita muda, rola ikadaka mkono wa gauni la Kicheko, ikamvuta. Wenzake walimwokoa yeye. Mkono wake haukuokoka. Na kidonda hata hakijakauka, msimamizi akatangaza kwamba Kicheko alikuwa akipiga soga badala ya kuangalia kazi, wanawake na umbea wao, kwa hiyo hana kazi tena.

Siku hiyo Honi hakuitisha mkutano. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa ya ukutani, akaishusha. Mashine zikafa zote. Kimya kilikuwa kizito mpaka watu wakatazamana.

"Mimi simlishi tena mnyama huyu mpaka afungwe mdomo," akasema. "Na Kicheko arudi kazini. Anayeogopa aende zake nyumbani, sitamlaumu."

Hakuondoka hata mmoja. Walikaa juu ya marobota ya shuka chafu, wamekunja mikono. Msimamizi alipoona nyuso zile alijifungia stoo ya sabuni, akawa anapigia simu wakubwa kutoka humo. Walitishiwa kufukuzwa. Waliletewa waume zao waje kuwabembeleza. Honi mwenyewe alikosa usingizi akiwafikiria wagonjwa, ndiyo maana wakakubaliana kufua kwa mikono shuka za wodi ya wazazi na za chumba cha upasuaji, nyingine zikae. Viganja viliwachubuka. Mwishowe mganga mkuu akateremka mwenyewe, akaitazama rola, akamtazama msimamizi, akaagiza fundi aitwe. Kizuizi kipya kikafungwa. Kicheko akarudishwa, akawa anapokea nguo mlangoni kwa mkono mmoja, hadi alipofariki. Kucheka alicheka, ila kile kicheko cha kujificha nyuma ya mtandio hakikurudi.

Miaka ikapita. Honi akastaafu. Msimamizi naye hakulala: upepo ulipogeuka aligeuka nao, akaingia chama cha wafanyakazi, akapanda mpaka akawa mwenyekiti. Chama kilipojenga ukumbi, ukapewa jina lake, na wastaafu wakaalikwa kwenye ufunguzi. Honi akavaa gauni lake la heshima, akaenda na mumewe, dereva wa lori aliyestaafu pia.

Kijana nadhifu akasimama kusoma historia ya chama. Alisoma vizuri, sauti yake tamu. Akasema mwenyekiti, enzi zile akiwa msimamizi kijana, alipoona mateso ya wafanyakazi alizima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Akina mama wakamuunga mkono kwa nyimbo na vigelegele. Yote yalianzia kwa mfanyakazi mmoja aliyepata ajali kwa uzembe.

Honi akainuka kitini. Mumewe alimshika kiwiko. Hakushikika.

"Rudia hapo," akasema. "Uzembe wa nani?"

Mshereheshaji akatabasamu. "Mama, maswali tutayapokea baadaye."

"Mimi siulizi swali. Huyo mnayemwita mfanyakazi mmoja ana jina, na mkono wake uliliwa kwa sababu ya huyo aliyekaa hapo mbele! Mimi nilimwambia kizuizi kimeng'oka. Mimi nilizima mashine. Yeye alikuwa stoo ya sabuni, kajifungia!"

Watu wakaguna, wengine wakacheka chinichini. Mwenyekiti hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alichukua kipaza sauti taratibu. "Huyu ni mama yetu. Ametoka mbali na sisi. Umri nao una mambo yake. Jamani, tumpigieni makofi mama yetu!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Honi akaendelea kusema, wakazidisha makofi. Akapaza sauti, ile iliyozishinda mashine, wakapiga vigelegele na bendi ikadakia. Alizungukwa na watu wanaomtabasamia, wanampigia makofi, na hakuna anayesikia neno. Akatoka nje. Afadhali wangemtukana.

Nyumbani mumewe akajaribu kumtuliza. "Mke wangu, yaliyopita si ndwele."

"Ni ndwele! Waulize waliougua! Wewe unajua Kicheko alikuwa akifungaje vifungo vya gauni lake?"

Mzee akaenda kuchemsha chai.

Baada ya siku chache katibu wa chama alikuja, mpole, ameshika kofia. Chama kimeamua kumheshimu, akasema: atapewa cheo cha Mama wa Chama, na kiti cha mbele katika kila sherehe.

"Kiti ninacho, nimekikalia," Honi akajibu. "Nataka jina la Kicheko lisomwe, na neno uzembe lifutwe. Langu mkiliacha liacheni."

"Hilo, mama, ni gumu kidogo. Historia imeshapitishwa."

"Imepitishwa na nani? Alikuwepo?"

Katibu akaaga. Honi hakumsindikiza.

Kesho yake akaenda hospitalini, moja kwa moja chumba cha kufulia. Madobi walikuwa mabinti asiowajua. Macho yake yakaenda kwenye rola, akasimama kama aliyepigwa kofi. Kizuizi kilikuwa kimefungwa waya kikainuliwa juu, kisizuie kazi kwenda haraka.

"Nani kafanya hivi?"

"Tumeambiwa tuendelee hivyohivyo, mama," binti mmoja akajibu. "Tumepeleka malalamiko kwa mwenyekiti, kwa sababu tulisikia ndiye aliyekipigania. Mpaka leo kimya."

Honi akakaa juu ya robota, akawasimulia yote: kizuizi, mkono, stoo ya sabuni. Alimtaja Kicheko kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alisimulia kwa hasira, bila kupamba, na mabinti wakaacha shuka zikirundikana. Alipomaliza, yule binti akasogea mbali na rola. Wenzake wakamfuata. Mmoja akaenda kumwita fundi, akamwambia waziwazi kwamba asipokuja, shuka nazo hazitaingia. Jioni waya ulikatwa na kizuizi kikarudi mahali pake.

Ukumbi bado una jina lilelile, na historia inasomwa vilevile kila mwaka. Mabinti wa chumba cha kufulia hawaendi kuisikiliza. Honi hupita nje ya ukumbi huo akienda kliniki kupima presha, na daktari humwambia apunguze hasira.

"Daktari," yeye humjibu, na korido nzima humsikia, "nipe dawa ya presha. Ya hasira sikukuomba."