Kikokotoo Ndani ya Ganda la Redio

Valdirene, fundi wa simu wa Mlima wa Jenipapo, mtaa wa mabanda huko Rio, Brazili, hakuwa mtu wa siri. Alipotaka kumtengenezea bintiye Jussara kikokotoo cha kuchora grafu kwa masomo yake ya uhandisi, alichukua michoro ambayo wenyewe wameiweka wazi mtandaoni, atakaye atengeneze, atakaye arekebishe. Mama alichomelea waya, binti akaandika programu.

Kilichokosekana ni kasha. Valdirene akatumia ganda la redio mbovu ya polisi, kwa kuwa lilikuwa gumu na vitufe vilikaa vizuri. Ujinga gani huu! Mtu amezaliwa kwenye mlima ambako redio ni ya genge au ya polisi, hakuna ya tatu, halafu anampa mwanawe ya polisi atembee nayo! Kupenda kazi nako kunapofusha.

Jussara hakufika hata kituo cha basi. Walinzi wa genge walimkamata kwenye ngazi, wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, wakamburuta juu kwa nywele. Valdirene aliposikia mayowe aliacha maharage motoni, akapanda mbio bila viatu.

Alimkuta amepigishwa magoti mbele ya Edmilson, mkuu wa genge. Kwenye kioo cha kikokotoo mstari ulipanda na kushuka juu ya miraba.

"Shangazi, hii si ramani ya vichochoro vyetu?" Edmilson aliuliza. "Unatuuza?"

"Ramani gani, mwanangu? Hesabu hiyo! Mtoto hajui kitu, kabeba tu. Nimetengeneza mimi."

"Hesabu inachora? Tangu lini?" Vijana wakacheka.

"Nifungue uone!" Akatoa bisibisi mfukoni, akalifungua ganda, akamtajia waya mmoja mmoja.

"Haya. Sasa ugeuze huo mstari."

Hapo akakwama. Alibonyeza huku, akabonyeza kule, mstari ukabaki vilevile. Teke likampata mbavuni, akaanguka. Kijana mwingine akamkanyaga vidole mpaka vikavunjika. Aliuma meno, hakumtaja Jussara. Fundi redio aliyechukuliwa na genge mwaka uliopita awatengenezee redio zao alirudishwa kwao juu ya toroli, amefunikwa turubai.

"Mwacheni mama!" Jussara alipiga kelele, damu ikimchuruzika kidevuni. "Programu niliandika mimi!"

"Nyamaza, mpumbavu wewe!" Valdirene alimkemea.

Binti alikuwa ameshakikwapua kikokotoo. Akabonyeza, na mstari ukajikunja ukawa duara.

Edmilson akapiga mluzi. Akamwinua Valdirene kwa heshima.

"Tusamehe, Shangazi. Nenda ukafunge huo mkono. Huyu anabaki, redio zetu zinamhitaji."

Valdirene alimrukia na bisibisi kwa mkono uliokuwa mzima, ikamzama shavuni. Bunduki zote zikamgeukia.

"Asiuawe!" Edmilson alifoka, akitema damu. "Mama akiwa hai, mtoto atafanya kazi."