Service account iligoma, password ilikuwa mdomoni mwa baba

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta nyumbani kwangu Buswelu, sijaongeza chumvi.

Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba Magu. Alipozeeka akaanza kukusanya maneno ya Kisukuma ambayo sisi watoto wake hatuyajui, anajirekodi akiyaeleza. Fundi mmoja wa Mabatini akamwekea database kwenye kompyuta, sauti zote zikakaa humo.

Sasa baba anasahau. Alianza na majina ya wajukuu, siku hizi mimi mwenyewe ananiita jina la shangazi. Nikawaza, akijisikia akiongea labda kitu kitarudi. Tumaini langu lote lilikuwa hapo.

Nikamleta kwangu, yeye na kompyuta yake. Ile database ilikuwa ya kizamani, nikajifanya mjuaji, nikainstall version mpya. Katikati ikaniuliza password ya service account. Kwa wasiojua, database haiwashwi kwa jina lako, ina akaunti yake yenyewe.

Fundi alishahama, simu haipatikani. Nikamuuliza baba. Siku hiyo akili ilikuwa imetulia, akasema ni jina la ng'ombe wake. Huyo namjua, maziwa yake ndiyo yamenikuza. Malaika.

Nikaandika Malaika. Logon failure, yaani imekataa.

Nikajaribu herufi ndogo, herufi kubwa, wapi.

Nikabadili service, yaani ile database yenyewe, iwake na Local System, akaunti ya kompyuta isiyodai password. Ikawaka, lakini mafaili ya sauti yakasema access denied, huna ruhusa, kumbe fundi aliyafunga yafunguke kwa akaunti ile tu. Nikataka ku-reset password kwa nguvu. Nashukuru Mungu nilisoma kwanza, maana ningefanya hivyo mafaili yangeweza kugoma moja kwa moja.

Nililia, wakuu. Mama mzima wa watoto, nalilia service.

Na huku baba anazidi kupotea. Asubuhi moja aliniuliza kama mwenye nyumba hii atakubali alale.

Juzi mchana nasonga ugali, nikamsikia sebuleni anafukuza ng'ombe ambaye hayupo.

"Maraika, toka kwenye pamba. Maraika!"

Nikaacha mwiko kwenye sufuria.

Sisi wa huku r na l tunazichanganya tangu tunazaliwa. Masikio yangu yamezoea kumsahihisha baba bila hata mimi kujua. Fundi hakusahihisha, aliandika alichosikia.

Nikaandika Maraika. Service ikasema Running, imewaka.

Ugali uliungua, sikujali. Nikamkalisha baba karibu na spika, nikafungua sauti ya kwanza. Sauti yake ile ya zamani, nzito, inaeleza neno la mvua inayonyesha huku jua linawaka.

Alisikiliza ametulia kabisa. Akatabasamu. Nikajua kitu kimerudi.

Kisha akanigeukia, akauliza kwa adabu kama mgeni:

"Mzee huyu anajua Kisukuma kweli. Ni mtu wa wapi?"

Nikamwambia ni wa Magu.

"Basi mwambie aje tuongee."

Nilichojifunza: fundi akikuwekea mfumo, akusomee password herufi kwa herufi, na usiahirishe kukaa na mzee wako.

Kila siku ananiuliza yule mzee wa Magu anakuja lini. Wenye wazazi wa hivi, nyie huwa mnajibuje?